Mkoromo Ulipokatika

Jumanne usiku, Julai 1974

Sikujua kimya kinaweza kutisha hivyo.

Asubuhi walimleta hospitalini mama mmoja kutoka Mweiga, aliyelala na jiko la makaa katika nyumba iliyofungwa kwa sababu ya baridi. Alikuwa amezimia, akikoroma kama mtu aliyeshiba. Mama mkwe wake alifurahi. "Si mnasikia? Amelala tu. Mwacheni apumzike."

"Huo si usingizi," Sista Muthoni akasema. "Ulimi umeanguka nyuma, unamziba koo." Akaniambia mimi, mwanafunzi wake wa uuguzi ninayeona haya hata kuwasalimu wagonjwa, nimwinue taya kwa mikono yote miwili.

Nikainua. Mkoromo ukakatika. Chumba kizima kikanyamaza.

"Umemuua!" mama mkwe akalia. "Wewe mtoto, umemuua!"

Nilimwamini. Kisha nikahisi pumzi vuguvugu kwenye kiganja. Nilipolegeza kidogo, mkoromo ukarudi, kama kitu kilichokuwa kikingoja karibu.

Nikaiinua taya tena na kuishikilia, maana daktari alichelewa. Alipokwisha kumtia mpira wa kupumulia kooni alisema, "Mwachilie sasa."

Vidole vyangu vilikataa. Sista alivibandua kimoja kimoja, na kwa kila kimoja nilisikiliza kama bado anapumua.

Alikuwa anapumua.