Pembe ya Ngurario

Landless, Thika

Kwako Mama Njambi, huko Gatongora,

Kwa heshima na taadhima nakutangazia kwamba uchunguzi wangu wa mipini ya nyembe umekamilika. Mti hufura ukilowa. Mfupa huingia madoa. Pembe ndiyo hudumu, bora mtu aipake mafuta.

Njambi ameng'oka jino, anakusalimia.

Jana dada yako Maggie aliniletea wembe wa Ibra, huyo kinyozi unayeishi naye. Mpini umepasuka. Hajaupaka mafuta hata siku moja.

"Ati utengeneze na ile pembe ingine," Maggie akasema, akiangalia ukuta.

"Mwenyewe hana miguu?"

Akauweka wembe mezani, akaenda zake.

Kumbuka ni wewe ulinishauri nimtengenezee kwa pembe ya kondoo wetu wa ngurario. "Huyo ni kastoma wa maana, Baba Njambi, usimpatie mti." Nikadhani unajali biashara. Yule kondoo nilikukatia bega lake mbele ya wazee ndipo tukawa mume na mke, halafu nikamkatia Ibra pembe.

Usiku niliamua kwamba ukija mwenyewe kuchukua wembe, sitauliza kitu. Hata majani ya chai nilinunua. Asubuhi nikafungua sanduku nitoe pembe iliyobaki. Wadudu walishaila, imebaki vumbi. Hata mimi sikuwahi kuipaka mafuta.

Nimeweka mpini wa plastiki. Maggie atakuletea.

Baba Njambi