Baba wa Kwenye Simu

Jumatano

Leo nimemfungia mwanajeshi nje ya geti, na wala sijutii. Alikuja jioni, amevaa nguo za kiraia, akasema amemfuata Achieng. Mtoto huyo namtunza kwangu hapa Mamboleo kabla na baada ya shule, na mama yake hakuwa ameniambia lolote.

"Mama, mimi ndiye babake. Nimetoka mpakani leo, nilitaka kuwashtukiza."

Achieng akajificha nyuma yangu. Miaka miwili amemjua kwa simu tu. Kama ni mtu mwingine je? Nikamtajia bwana huyo namba yangu anipigie, nikampa mtoto simu asikilize sauti.

"Nyathina, mtoto wangu, umekula?" akauliza, akiwa palepale getini.

Achieng akapiga kelele, "Ni yeye!"

Nikafungua. Halafu nikakimbilia jikoni, nikasingizia chai inafurika, wasinione nikilia.