Safu ya Watoto Waliokufa

Hebworth, 20 Machi 1911

Winifred mwanangu,

Salamu. Hatujambo, ila goti la mama yako. Huko Manchester kikohozi kimekuacha?

Nimeteuliwa karani wa sensa, Mtaa wa Tenter. Nasikia wewe na wenzako wa kudai kura mmewaambia wanawake wa huku wahame nyumba usiku wa sensa, wasihesabiwe. Una akili kweli? Miaka minne unaisumbua halmashauri ifungue kituo cha maziwa safi ya watoto, nao wanakujibu, "Leta takwimu." Safari hii fomu inauliza kila ndoa imezaa watoto wangapi, na wangapi wamekufa. Takwimu ndizo hizo! Waambie wabaki nyumbani.

Baba yako

Manchester, 24 Machi

Baba, shikamoo.

Kikohozi kimekwisha. Mpe mama pole.

Serikali isiyotaka kura zetu isitake na hesabu yetu. Nimelisema majukwaani, silimezi kwa kuwa karani ni baba yangu. Waume watakuwepo. Si wao wakuu wa kaya? Safu ya watoto waliokufa waijaze wao. Hilo nalo gumu?

Mwanao Winifred

Hebworth, 4 Aprili

Winifred,

Salamu tu, zaidi sina subira.

Jumapili wanawake wa Tenter walihamia ukumbi wa kanisa na vikapu vyao vya chakula. Jana nikakusanya fomu: nyumba kumi na tisa, wanaume peke yao. Nikamuuliza Jabez Ormerod, mfumaji, amezika watoto wangapi. "Wawili." Akatazama dari. "Watatu. Ngoja, yule wa mwaka wa homa umemhesabu?" Nikamwambia, "Bwana, anayeuliza ni mimi!" Jirani yake kaandika "wachache". Wachache, Winifred! Mwingine kanielekeza kwa mama mkwe wake.

Mke wa Jabez nikamkuta njiani akitoka kiwandani, nikamsihi. Akacheka: "Mzee Holroyd, mimi sipo. Tazama fomu yako."

Safu ya waliokufa nikaiacha tupu kwenye daftari langu. Sitii sahihi kwenye uongo. Msimamizi kanifukuza, na karani mpya ataijaza kwa kukisia. Hiyo ndiyo hesabu utakayoonyeshwa na halmashauri. Umefurahi?

Baba yako

Manchester, 6 Aprili

Baba, shikamoo, na pole kwa kupoteza kazi.

Sikufurahi. Nilidhani wanajua. Mtu na watoto wake mwenyewe!

Rudi kwa wanawake, bila fomu. Waambie ninayeuliza ni mimi. Halmashauri inakutana tarehe 20. Ikikataa safari hii, kituo hatukipati tena.

Mwanao Winifred

Hebworth, 11 Aprili

Winifred mwanangu,

Salamu. Mimi mzima. Mama yako nitakueleza.

Nimepita nyumba zote. Hakuna aliyetazama dari. Walitaja majina, na siku. Mke wa Jabez: watano. Jumla ni sitini na watatu. Waume waliotaja idadi walinipa thelathini na mmoja. Orodha imo humu, kila mama ametia sahihi yake, au alama. Mpe mwenyekiti. Akitilia shaka, aende Tenter akaulize mwenyewe.

Jumamosi nilimsomea mama yako orodha. Akauliza, "Na fomu yetu, uliandika wangapi?" Nikasema wawili. "Watatu," akasema. Nikabisha, mjinga mimi. Akanitajia jina, na siku.

Leo asubuhi kachukua orodha mezani na kalamu yangu. Mstari wa mwisho ni mwandiko wake. Usiufute.

Baba yako