Doa la Buluu, Pembe Nyekundu

4 Juni

Mama mpendwa,

Na hapana, bado sijalia. Uliniambia pale langoni, begi langu likiwa tayari garini, kwamba wiki haitakwisha kabla sijaangua kilio nikaomba nirudishwe kwa mama yangu. Basi wiki imekwisha, na macho yangu makavu kabisa. Shikamoo, Mama. Hujambo? Mgongo unakuruhusu kulala? Na ng'ombe wako Bibie anakula vizuri, mimba inaonekana? Mimi na mwanao ni wazima, tena wazima wa kupitiliza.

Simu huku hazishiki, kwa hiyo barua zote anabeba dereva wa gari la dawa, na huyo ndiye pia mkalimani wetu, maana lugha ya wenyeji hatuijui hata salamu. Tunalala kwenye darasa la shule iliyofungwa. Kitanda chetu ni meza mbili za walimu zilizosogezwa pamoja, na kila mmoja wetu akigeuka zinaachana, mmoja anabaki ananing'inia katikati. Tunacheka mpaka daktari mkuu anagonga ukuta. Asubuhi mwanao ananiletea chai aliyoichemsha kwenye sufuria ya kuchemshia vifaa. Anaapa ameiosha. Mama, ungemwona anavyomshika mnyama, anavyomsemesha kwa sauti ya chini kama anabembeleza mtoto, na macho yale yanavyolegea. Namtazama nasahau nilitumwa nini.

Najua unanilaumu. Ni mimi niliyeona tangazo la kujitolea na timu hii ya kutibu mifugo kijiji kwa kijiji, nikamwambia fungate ya hotelini tutaifanya uzeeni, twende. Na najua pia ulivyowaambia majirani: mke wa daktari wa mifugo, lakini siku ya kwanza kufika kwangu ng'ombe alimlamba mkono akapanda juu ya tangi la maji. Ni kweli nilipanda. Na tangu siku ile nimekuwa nikipitia mlango wa jikoni ili nisipite zizini. Lakini jana daktari mkuu aliniuliza ninajua kazi gani, nikamjibu kwa aibu, kusuka nywele. Akanipeleka kwa farasi aliyekuwa na kidonda matakoni na mkia umetapakaa juu yake. Niliusuka mkia wote, Mama, nikaufunga kwa juu kama bibi arusi. Farasi alisimama ametulia kuliko wateja wangu wote wa saluni.

Nakubusu mikono.

Mkamwana wako


19 Juni

Kwa mke wa mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo, mgongo ni ule ule. Bibie anakula.

Habari za macho ya mwanangu punguza. Nimeyazaa mimi, nayajua.

Nikueleze jambo moja, kwa sababu yeye huenda hakukueleza. Mwaka jana Bibie alipozaa, mwanangu alikuwa kwenye mitihani yake, nami nilikuwa peke yangu. Ndama alikwama. Nilimvuta miguu kuanzia asubuhi hadi jua la utosini, mikono ikafa ganzi. Alikuwa anahitajika mtu wa pili tu, wa kuvuta pamoja nami. Ndama alitoka amekufa, na nikakaa naye pale chini mpaka jirani akaja kuninyanyua. Mwaka huu Bibie atazaa mwisho wa Agosti. Mwanangu ameniahidi kwamba kufikia wakati huo mtakuwa mmerudi. Nimelishika neno hilo.

Kuhusu farasi, sawa. Nywele ni nywele. Ng'ombe hasukwi.

Mama wa mumeo


3 Julai

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na Bibie mzima na kilichomo tumboni. Alichoniambia mume wangu kuhusu mwaka jana ni sentensi moja tu, kisha akatoka nje kuosha viatu vilivyokuwa safi. Nikaelewa.

Sasa kaa vizuri, maana nina aibu ya kukusimulia, na bora uisikie kwangu kabla hujaisikia kwa mwanao, ambaye anaisimulia kila tunapokula.

Kazi yangu ya kudumu ni rangi. Mbuzi akishachomwa chanjo, napaka doa la buluu mgongoni, ili asichomwe mara mbili wala asisahauliwe. Kazi ya mtoto mdogo, utasema. Juzi foleni ilizunguka shule nzima, jua kali, na nikamwona mume wangu amelowa jasho mpaka kiunoni. Moyo ukaniuma. Nikasema ngoja nimrahisishie: nikachukua ndoo yangu, nikaifuata foleni kutoka mbele hadi mwisho, nikawapaka mbuzi wote mapema, ili wakifika mezani iwe ni sindano tu na kwenda.

Kisha mvua ikanyesha. Watu walitazama mbuzi wao, wakaona buluu, wakatushukuru sana na kwenda zao nyumbani. Mvua ilipokatika uwanja ulikuwa mtupu. Daktari mkuu, mama mmoja mwenye sauti kama lori linalopanda mlima, alitazama kijiji kilichojaa mbuzi wa buluu, akatazama chupa za chanjo zilizojaa, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, umechanja kwa brashi?"

Nilitamani tangi la maji, Mama. Nilitamani nipande nisishuke.

Mbuzi wa buluu aliyechomwa na wa buluu asiyechomwa wanafanana kama mapacha. Mume wangu alisema kuchomwa tena hakutawadhuru, ila itabidi warudiwe wote, na safari hii wawekewe alama nyingine. Lakini rangi nyingine hatukuwa nayo. Ndipo nikakumbuka ile chupa yangu ya rangi ya kucha, nyekundu, niliyopaka siku ya harusi. Tulipita nyumba kwa nyumba, mimi, mwanao na dereva. Dereva alikuwa anabisha hodi na kueleza kosa langu kwa lugha yao, na sikuhitaji mkalimani wa kunitafsiria vicheko. Mwanao anachoma, mimi namshika mbuzi mwenyewe, kwa mikono yangu hii, nampaka pembe. Bibi mmoja alikataa mbuzi wake apakwe pembe moja tu. Alitaka zote mbili, zilingane.

Chupa iliisha kwenye nyumba ya mwisho. Mume wangu alinishika mkono njia nzima ya kurudi, matope mpaka magotini, akaniambia hajawahi kuona mwanamke mzuri kama mimi. Ungekuwepo ungemwambia akapimwe macho.

Mkamwana wako


17 Julai

Kwa Kucha Nyekundu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako kwa sauti mbele ya majirani, unisamehe. Yule mwenye cherehani alicheka mpaka akashika ubavu. Sasa kila akimwona mbuzi anauliza kama amechanjwa kwa brashi.

Wengi wangejificha. Wewe ulirudi nyumba kwa nyumba. Hilo nimeliona, nikaona nikuambie.

Bibie amekuwa mzito, anapumua kwa shida akilala. Tumbo limekaa upande mmoja kama mwaka jana. Sipendi. Sitaki daktari mwingine amguse, namtaka mwanangu. Niandikieni siku mtakayofika.

Mama wa mumeo


30 Julai

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Mume wangu ameianza barua hii mara nyingi na kuichana, kwa hiyo naiandika mimi.

Hawezi kuja kwa wakati. Daktari mwenzake wa upasuaji alipigwa teke na fahali, mguu umevunjika, amerudishwa kwao. Mpasuaji aliyebaki ni mwanao peke yake, na vijiji vilivyobaki vinamngoja yeye. Akiondoka kazi inasimama. Aliniambia, "Nimemwahidi Mama, na hawa nao nimewaahidi," kisha akatoka kuosha viatu vile vile. Na ni mimi niliyemleta huku.

Lakini nina la kukuambia, na ninaliandika kwa furaha. Wiki hii aliletwa kondoo aliyeshindwa kuzaa. Njia ilikuwa nyembamba, mikono ya wote ikawa minene. Daktari mkuu akatutazama mikono mmoja mmoja kama mtu anayechagua nyanya, akasimama kwangu. Nilizikata kucha zangu pale pale kwa mkasi wa bandeji, nikanawa hadi kwenye viwiko. Mume wangu alipiga magoti nyuma yangu akawa ananinong'onezea sikioni: tafuta mguu, sasa tafuta mwenzake, sasa pua, usivute, ngoja asukume, sasa. Nilihisi pua, Mama. Ndogo, yenye joto. Ikatikisika kwenye vidole vyangu.

Mwana-kondoo alidondoka mapajani mwangu akapiga chafya, na hapo ndipo nilipolia. Umeshinda. Nililia mpaka mwenye kondoo akanipangusa uso kwa shuka lake.

Kwa hiyo nakuomba hivi. Ulisema alihitajika mtu wa pili tu. Niruhusu niwe mimi. Daktari mkuu amekubali niondoke na gari la dawa. Mume wangu amenieleza yote kuhusu ng'ombe na kunifanyisha mazoezi kwa gunia la mchanga lililofungwa kamba mbili. Najua mimi siye uliyemwomba. Bila ruhusa yako sitakuja, kwa sababu zizi ni lako.

Mkamwana wako


12 Agosti

Mama,

Shikamoo. Gari la dawa limekuja mara mbili bila barua yako. Nakwenda kulipokea barabarani kabla halijasimama, dereva ananitikisia kichwa kutoka mbali. Kama nimekuudhi, niambie nimekuudhi. Kama Bibie ameshazaa, niambie pia, hata kama ni habari mbaya. Begi langu liko mlangoni. Usiku tunashikana mikono juu ya ule ufa wa meza na hakuna anayecheka.

Mkamwana wako


13 Agosti

Kwa binti yangu,

Hujambo? Mimi sijambo, na Bibie bado hajazaa.

Barua yako niliposoma kwamba mwanangu haji, niliikunja nikaiweka chini ya redio nisiione. Nilikasirika siku nyingi, nikawa nazungumza na ng'ombe tu. Kisha jana nilikuwa nampa Bibie maji, akasimama vibaya, nikamshika, nikahisi ndama anapiga teke ndani. Akanipiga mimi kiganjani. Nikaingia ndani nikaitoa barua, nikasoma pale kwenye pua.

Mimi nimezalisha ng'ombe tangu ujana, na huwa nakwenda kuegemea ukuta baadaye ili watu wasinione nikilia. Sikujua kama kuna mwingine.

Sikumhitaji daktari mwaka jana, binti yangu. Nilihitaji mtu. Njoo na mikono yako. Mwambie mumeo amalize kazi ya watu, simnunii, ila aandike barua yake mwenyewe asimwachie mkewe habari nzito.

Njoo na kucha hivyo hivyo zilivyokatwa. Rangi utapaka ndama akishasimama. Chupa mpya nyekundu nimeshainunua, nimeiweka dirishani.

Mama yako


20 Agosti

Mama yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Uwe mzima, Bibie awe mzima, na huyo mpiga teke awe mzima kuliko nyote.

Dereva safari hii alipiga honi tangu kwenye kona. Barua mwanao aliipokonya kwanza, akasoma mstari wa juu, akanikabidhi. "Si yangu hii," alisema. Kisha akasimama nyuma yangu akaisoma yote begani kwangu, na alipofika kwenye chupa ya dirishani alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Analalamika kwamba hata salamu hakuletewa. Barua yake mwenyewe iko ndani ya bahasha hii. Ameiandika bila kuichana.

Ni mara ya kwanza kuachana naye tangu tuoane, na nimemwachia meza zote mbili alale kama mfalme. Anasema hatalala. Ameniwekea begini kamba laini za kuvutia na glavu ndefu, na chini kabisa nimekuta kikaratasi chenye neno moja, ambalo sikuandikii kwa sababu wewe umemzaa.

Naondoka na gari la keshokutwa, nyuma ya barua hii. Mwambie Bibie ajizuie kidogo. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa langoni kwako, Mama, na mlango wa jikoni ufunge tu. Nitapitia zizini.

Binti yako