Ukurasa wa Tarehe Ishirini

Alhamisi, 1 Januari

Mwaka mpya. Ibada imekwisha saa tano asubuhi, miguu inaniuma kwa viatu vipya. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha waandishi wa kanisa akatugawia karatasi. Malengo matano kila mtu — tena yanayopimika! Alikuwa mwalimu wa hesabu, hawezi kujizuia.

Nimeandika: kurasa mbili kila asubuhi kabla ya kushika simu. Kumaliza riwaya (mara ya tatu hii naahidi). Kusali kabla ya kuandika, si baada ya kukwama. Kuacha kusoma maoni ya watu. La tano nililiandika, nikalikata, nikaliandika tena: nisiandike kama kweli jambo nisilolijua kuwa kweli.

Mwenyekiti akalisoma, akacheka. Kwani ulikuwa unatuandikia uongo? Nikacheka naye. Kicheko changu kizuri, watu hunisifia.

Nyumbani nimemkuta mama amekaa kitandani, shali mabegani, kitabu changu mapajani. Tafakari za mwaka mzima, ukurasa mmoja kwa siku. Kimetoka mwezi uliopita. Miwani haimsaidii tena, kwa hiyo mimi ndiye ninayemsomea. Nikamtania: na wewe, malengo yako? Akasema analo moja tu. Kukimaliza kitabu cha mwanawe, ukurasa kwa ukurasa, mpaka wa mwisho.

Daktari alisema ni wiki chache. Alituambia mimi na kaka, koridoni. Mama hatujamwambia — eti asikate tamaa.

Nikamjibu, lengo zuri, mama.

Jumapili, 4 Januari

Niliandike hapa, maana sina pengine pa kuliandika.

Mwezi wa sita mama alikuwa wodini, ametoka kupasuliwa. Mhariri wa kitabu changu alitaka ushuhuda wa kuweka kwenye wiki ya tatu ya Januari. Watu wanapenda kuuanza mwaka na ushuhuda, alisema. Nikauandika palepale kando ya kitanda, daftari magotini. "Mama yangu aliugua, Mungu akamponya. Leo anakanyaga cherehani yake tena, anaimba." Majibu ya vipimo hayakuwa yametoka. Niliandika kwa imani. Ndivyo nilivyojiambia.

Majibu yakatoka mwezi wa nane. Wa tisa mhariri akanitumia kurasa nizisahihishe, akanipa wiki nzima. Wiki nzima! Kalamu ninayo mkononi. Niliogopa kwamba nikiufuta ushuhuda ule nitakuwa nimetia saini kifo chake. Nikarekebisha koma mbili, nikarudisha.

Uko tarehe ishirini. Cherehani imefunikwa shuka tangu mwezi wa tano.

Ijumaa, 9 Januari

Mhariri amepiga simu, sauti ya sherehe. Kuna msomaji ambaye mumewe ni mgonjwa. Ameruka mbele mpaka tarehe ishirini, ameandika barua: mwambieni dada huyo kwamba mama yake ananipa nguvu. Mhariri anataka nimjibu kwa mkono wangu.

Sijamjibu. Nimjibu nini?

Kurasa mbili kila asubuhi: sifuri. Hilo angalau linapimika.

Jumatano, 14 Januari

Nesi anayekuja nyumbani ameongeza dawa ya maumivu. Mama analala sana. Akiamka swali la kwanza ni lilelile — leo tarehe ngapi? Namwambia. Anataka asomewe.

Nasoma. Maneno yangu mwenyewe, ya mwaka jana, yamejaa uhakika. Huyo mwanamke aliyeyaandika ningekutana naye leo ningemzaba kibao.

Jumamosi, 17 Januari

Nimenunua gundi kwenye duka la vifaa vya shule. Nimebandika ukurasa wa ishirini kwenye ule wa ishirini na moja unaotazamana nao. Nikaweka Biblia kubwa juu yake ishike vizuri. Kisha nikaona nilichokifanya, nikaiondoa haraka, nikaweka pasi baridi.

Wa ishirini na moja siukumbuki hata ulisema nini. Umeponzwa na mwenzake.

Mama hatagundua. Siku zenyewe zinamchanganya.

Jumanne, 20 Januari

Amegundua.

Nimemsomea ishirini na mbili, sauti ya kawaida kabisa. Akangoja mpaka amina. Kisha: jana ulinisomea kumi na tisa, leo ishirini na mbili. Siku mbili umezipeleka wapi?

Nikasema sijui, labda nimeruka. Akanyoosha mkono, nikampa kitabu. Miaka arobaini fundi wa nguo! Kidole gumba kilipita kwenye karatasi mara moja tu, kikakuta unene wa karatasi mbili.

"Hapa umetia bitana," akasema.

Nimelia kama mtoto. Nikamwambia yote: wodi, mhariri, wiki ile ya masahihisho. Nikamwambia na yale ya koridoni. Akasikiliza amefumba macho. Kumbe aliusoma ukurasa ule Desemba, siku boksi la vitabu lilipoletwa, nilipotoka kwenda duka la dawa. Miwani ilikuwa bado inamsaidia. Alizitafuta kwanza kurasa zinazomtaja yeye. Nani asingefanya hivyo?

Na ugonjwa je? Anaujua tangu mwezi wa nane. Mwili ni wake, amesema, angekosaje kuujua?

Nikamwuliza, sasa mbona ulinyamaza?

"Nilidhani wewe unaamini nitapona. Sikutaka nikuvunje moyo."

Miezi mitano! Kila mtu anamfichia mwenzake, ndani ya nyumba ya vyumba vitatu.

Baadaye akaniita. Lengo lake liko palepale, amesema. Ila ukurasa mmoja kwa siku hautatosha.

Alhamisi, 22 Januari

Tumemaliza Januari yote isipokuwa zile mbili. Februari. Machi. Pasaka tumeipita kabla ya chakula cha mchana!

Mama ananikatiza. Hapa ulikuwa umechoka, anasema — kweli, nakumbuka nilikuwa na mafua. Hapa unajionyesha. Hapa pazuri, rudia. Hakuna mhariri aliyewahi kunisoma hivi.

Sauti ilipokauka kaka akanipokea. Kaka anasoma kama mtu anayesoma mita ya maji. Mama akacheka mpaka akashika ubavu. Tukamwita nesi.

Jumamosi, 24 Januari

Tuko Agosti. Anasinzia katikati, sijui anasikia kiasi gani. Nikajaribu kuruka ukurasa mmoja. "Rudi," akasema, macho hakufumbua.

Jumatatu, 26 Januari

Novemba. Maji kwa kijiko. Nesi ameniambia nimwite kaka alale hapa. Sitaki kuandika zaidi.

Jumanne, 27 Januari

Saa nne asubuhi tumefika tarehe thelathini na moja Desemba. Nikasema amina. Mama akanitafuta kwa mkono, akaushika wangu.

"Heri ya mwaka mpya, mwanangu."

Kaka akatoka chumbani.

Nilidhani ameridhika. Nikafunga kitabu, nikamfunika vizuri. Akasema bado mbili. Nikamwambia, mama, ule ni uongo, tuuache. Akasema anajua ni uongo, aliyemo ni yeye. Lakini kazi haiachwi na bitana imekaa vibaya. Nimsomee taratibu, yeye ataniambia pa kukata na pa kuacha. Nije na kalamu. Maneno aliyatoa moja moja, anapumzika katikati.

Naandika hapa jikoni, nimesimama. Kaka ameshika kitabu juu ya birika, mvuke unamchoma vidole. Gundi inaachia upande wa juu. Ukurasa wa ishirini na moja umechanika pembeni, lakini unasomeka. Nimeuona mstari wa kwanza, "Asubuhi njema", basi, mengine bado yameshika. Wa ishirini unafunguka polepole. Naona neno "Mama". Naona "akamponya".

Mama anaita kutoka chumbani. Nimemjibu nakuja, gundi bado kidogo. Amesema nisikawie.