Mstari Uliokuwa Uondolewe Kesho

Karakana ya Vifaa, Ghorofa ya Pili,
S.L.P. 318.
9 Mei

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mgongo umepoa tangu uache kubeba mifuko ya udongo wa bustani. Mkeo hajambo? Na binamu zangu? Sisi huku wazima. Mama goti bado linamsumbua akipanda ngazi, lakini mdomo hauna maradhi. Mimi afya ninayo. Nilichoishiwa ni subira, na nimeishiwa kwa sababu yako.

Usiiweke pembeni barua hii. Nilikutumia ujumbe wa simu mara tatu, nikaona umeusoma, ukanijibu kwa picha ya waridi. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Unayakumbuka yale masanduku ya kupimia joto la friji za chanjo, uliyoyatengeneza kabla hujahama. Mwezi uliopita zahanati moja yenye sanduku letu jipya, la betri, ilikuta pengo la saa sita katika kumbukumbu za Jumapili. Joto halikuandikwa. Chanjo zikatupwa zote, na muuguzi anayetunza friji akasimamishwa kazi. Wanasema aliacha mlango wazi, akaona joto limepanda, akalizima sanduku ili kuficha. Amefanya kazi pale miaka kumi na tisa.

Meneja wetu alipopata malalamiko aliandika jibu kabla chai yake haijapoa: kifaa ni kizima, mtumiaji alikizima. Nikaomba nilikague sanduku. Akanipa, huku anatazama saa.

Siku nne nzima likanifanya mjinga. Kila nikienda kulitazama linapima vizuri, dakika kwa dakika. Siku ya tano nikaitwa kwenye mkutano usiokwisha, likabaki peke yake mezani tangu asubuhi hadi alasiri. Niliporudi, pengo hilo hapo. Kumbe siku zote nilikuwa naliamsha mwenyewe, kwa kubonyeza kitufe ili nione kama liko macho.

Jambo hili ulinifundisha wewe, jikoni kwenu, mimi bado na sare ya shule. Ndani ya sanduku kuna kifaa tunachokiita mzazi, ile chipu inayopitisha mawasiliano, na chini yake yuko mtoto, kipima joto. Mzazi halali mpaka watoto wote wamelala, na kuamka anatangulia yeye. Kerneli yenyewe, kile kiini cha programu ya sanduku, inahesabu watoto walio macho, na hesabu isipofika sifuri, mzazi haruhusiwi hata kusinzia. Ulinirudisha mwanzo kila nilipokosea, mpaka chakula kikapoa.

Basi nikafungua dreva ya mzazi, ile programu ndogo inayomwendesha, nikakuta mstari mmoja unaoiambia kerneli isiwahesabu watoto. Mlango wa friji usipofunguliwa na kitufe kisipobonyezwa kwa saa nzima, mzazi analala zake. Mtoto yuko macho, anapima, anapiga hodi, hakuna wa kumfungulia. Kila kipimo kinapotea. Masanduku ya zamani yalichomekwa ukutani na mzazi wake hakuwa akilala kabisa, kwa hiyo mstari ulikaa humo miaka minane bila kumdhuru mtu. Mwaka huu tumeleta ya betri, mzazi akaruhusiwa kulala, na mambo yakaharibika. Usiku sanduku huwa kwenye chaji na mzazi hubaki macho, ndiyo maana pengo lilikuja mchana wa Jumapili, wakati friji haiguswi.

Umeona kinachoniuma? Pengo limetokea kwa sababu mlango haukufunguliwa. Ungeachwa wazi, swichi ya mlango ingemweka mzazi macho na kila kipimo kingeandikwa. Yule muuguzi amesimamishwa kazi kwa ushahidi unaosema kwamba hakuigusa friji.

Nikatafuta aliyeandika mstari huo. Kumbukumbu za programu hazina aibu: jina lako, tarehe, na maneno yako pembeni, "Ni ya majaribio mezani tu. Naiondoa kesho." Nikacheka peke yangu, kicheko kibaya. Kesho ipi, Mjomba? Wiki ile ile ulikatiwa keki ya kukuaga, ukaondoka, na picha yako ikatundikwa juu ya mlango wa karakana. Napita chini yake kila siku. Siku hizi siinui macho.

Sijakasirika kwa kuwa ulikosea. Mimi mwenyewe, nilipokuja hapo karakana likizo ya shule, niliunguza bodi tatu za sakiti kwa asubuhi moja, na wewe ukanifichia. Nimekasirika kwa kuwa ulisoma ujumbe wangu, ukauelewa kuliko mtu yeyote, halafu ukatoka nje kutafuta ua zuri la kupiga picha.

Meneja ameniruhusu niuondoe mstari kimyakimya, na nimeuondoa. Jibu lake hataki kuligusa. Nilipomwekea majaribio yangu mezani alisema, "Mjomba wako ndiye aliyejenga kitu hiki. Wewe umekuja juzi tu. Yeye mwenyewe akiniambia kakosea, nasaini." Nimeuliza kule zahanati: karatasi isiyo na saini yake haipokelewi. Yaani kazi ya mtu imening'inia kwenye neno lako, na wewe unamwagilia maua.

Kikao cha muuguzi ni Ijumaa, tarehe 23. Juzi nilimtembelea. Anakaa chumba kimoja chenye kiti kimoja, akanipa mimi kile kiti, yeye akakaa kitandani. Sare yake ameipiga pasi, imetundikwa nyuma ya mlango. Nilimweleza habari ya mzazi na watoto kwa kutumia vikombe, akaelewa upesi kuliko meneja. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama tumeshamjua aliyeandika hivyo. Nikamwambia bado tunatafuta.

Nimemdanganya mtu huku nimekalia kiti chake. Nilifanya hivyo kwa ajili yako, na sitarudia.

Nisalimie mkeo, na binamu yangu Kibonge, na yule dada yake tunayemwita Hakimu. Huyo ukimsomea barua hii atajua la kukuambia. Bibi anakuombea kila siku. Mama anakusalimu sana. Hajui lolote, na bado anawaambia majirani kwamba chanjo za watoto wao zinalindwa na kaka yake.

Mungu akupe afya, na akupe moyo wa kuandika ukurasa mmoja. Usinijibu mimi. Mwandikie meneja.

Mpwa wako, anayekupenda hata leo,
Kidomo