Mwonyeshe Mama Ile Video ya Unga

Jeddah, Saudi Arabia
6 Machi 2016

Mpendwa mdogo wangu Mirriam,

Pokea salamu zangu, nawe uzigawe hapo nyumbani, usijibakizie zote kama unavyofanya na mandazi. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, umeketi chini, na huna haraka ya kwenda popote. Mama hajambo? Miguu yake bado inavimba? Mwambie namkumbuka kila nikishika mwiko. Mimi niko hai, ila naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo usiucheke mwandiko wangu. Sababu utaiona huko mbele.

Barua hii anakuletea Jackton, dereva wa nyumba hii ninayofanyia kazi. Ni mtu wa Bungoma, anaishi mtaa wa Bani Malik na wanaume wenzake, na sasa mkataba wake umeisha anarudi. Ile namba unayoitumia meseji usihangaike nayo tena. Simu yangu madam aliifungia kwenye droo siku ile ile nilipofika Riyadh. Familia ilipohamia huku Jeddah kwa mama yake baba mwenye nyumba, droo ilihama nayo, na simu ikiwa humo humo ndani.

Bibi huyo, mama yake baba, ndiye kazi yangu kubwa. Ni mwanamke wa Balad, mji mkongwe, na masikio yake yamekufa kabisa. Mchana kutwa tunakaa mbele ya runinga iliyounganishwa na mtandao. Usidhani kuna mpangilio. Video moja ikiisha, nyingine inajileta yenyewe: paka anakanyaga kinanda, mara mizinga ya vita vya Wajerumani, mara mtu anakula pilipili na kulia, mara ngamia wanashindana mbio. Nimejifunza historia ya dunia nzima huku nikikunja nguo, Mirriam, historia ambayo shuleni hata kiboko hakikuweza kuniingiza.

Anazozipenda Bibi ni zile za Jeddah ya kale, zisizo na rangi wala sauti. Wapagazi wanapita na magunia, wauza maji wanapita na punda. Wote wanasema na hakuna kinachosikika, lakini Bibi anawasoma midomo. Alinieleza kwamba mmoja wao, mwenye gunia kichwani, alikuwa akimwambia mpiga picha atoke njiani, kisha akamtukania mama yake. Bibi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mtu yule amekufa zamani na tusi lake bado liko mdomoni. Hapo nikamkumbuka mama. Si unajua tulivyokuwa tukinong'onezana ng'ambo ya ua namna ya kuiba sukari, na mama, aliyepoteza masikio ukiwa bado unanyonya, akatujia na mwiko?

Sasa nije kwenye yanayokuhusu. Binti mkubwa wa madam ana chaneli ya vichekesho, na kichekesho chenyewe ni mimi. Najua video zake umeziona. Katika ile ya kwanza ananirushia nyoka wa mpira nikiwa nimebeba birika la chai, naruka, na video inakatwa hapo. Chai yote ilinimwagikia mkono wa kulia, na vidole viwili havijanyooka hadi leo. Binti mwenyewe aliniletea dawa ya kupaka, tena akilia. Simsingizii, si mtoto mwenye roho mbaya. Kisha akaona jinsi watu walivyoitazama kwa wingi, na machozi yakakauka.

Maoni mengi chini ya video yalikuwa ya Kiswahili, akaniita nimtafsirie. Nikayasoma moja baada ya jingine, eti wamevunjika mbavu, eti Mkenya ametuwakilisha, nami nikayageuza kwa Kiarabu changu cha jikoni. Kisha nikafika kwenye jina lako. Uliandika kwamba huyo ni sista yako jameni, kwamba Zablon wakala amewaonyesha wasichana wote ofisini kwake, na kwamba unakuja mwezi wa nne na utatafutiwa nyumba ya raha kama hiyo. Binti akaniuliza huyu anasemaje. Nikamwambia anasalimia.

Siku hiyo nilikuchukia, Mirriam. Halafu nikakuogopea. Hawa wakitoka, mimi nafungiwa kwa ufunguo. Pasipoti yangu iko kwa kafili, yaani mwajiri aliyenidhamini. Nikiomba kurudi nyumbani naambiwa mafi, hakuna, subiri mkataba uishe. Ulipoisha, nikaambiwa mwingine umeshaanza.

Ndipo binti alipotaka video nyingine, ya kunimwagia unga, nikakubali upesi hadi akashangaa. Unga uliponitua kichwani niligeukia kamera, nikasema nilichotaka kusema, polepole, kwa Kiswahili. Nilijua wao hawataelewa na wewe utanisikia. Akaniambia nimeigiza vizuri sana. Kisha akaifuta sauti yangu yote, akaweka muziki na vicheko. Nawe chini yake ukaandika kwamba nimekuua kwa kicheko na kwamba tiketi yako imeshatoka.

Bibi naye aliiona. Ilijileta yenyewe baada ya wapagazi wake, na hakucheka. Alinishika kidevu kama mama anavyotushika, akasema huyu hachezi, huyu anasema, je, anasema nini? Nikamwambia. Akaenda kuwagombeza, na madam akamjibu halas, basi, huo ni mchezo tu. Haikusaidia kitu, ila nilijua kwamba maneno yangu bado yamo mle ndani.

Najua hutaniamini. Zablon atakwambia kwamba walio huku huandika hivi kwa sababu ya wivu. Basi usiniamini. Chukua simu yako umpelekee mama. Nina hakika hujamwonyesha, kwa kudhani vichekesho si vya mtu asiyesikia. Mwonyeshe ile ya unga, muziki hautamsumbua. Usimwambie lolote, na usiigeuze karatasi hii kabla hajakwambia kwa kinywa chake nilichosema. Akiwa anaangalia, mshike mkono, maana mimi siwezi.

Nisalimie Monicah wa jirani na wanawe. Jackton mpe chai na kitu cha kutafuna, ametoka mbali na ni mtu mwenye haya, hataomba. Mungu awalinde nyote mpaka tuonane, na tuonane huko, si huku.

Dada yako akupendaye,
Selipher

(Nyuma ya karatasi)

Mama, ni mimi, Selipher. Nimefungiwa. Mkono wangu umeungua. Mzuie Mirriam asije.